Macho ya Manjano Yasiyo na Maumivu: Tuiwahi Saratani ya Kongosho

Wasomaji wapendwa, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tunageukia ugonjwa ambao wengi hawajawahi kusikia jina lake, ingawa huenda umepita katika ukoo wao bila kutambuliwa. Ni saratani ya kongosho.

Ugonjwa huu hatuuoni kila siku. Katika wodi zetu saratani ya mlango wa kizazi, ya matiti, ya tezi dume na ya koo la chakula ni nyingi zaidi. Lakini saratani ya kongosho ina sifa moja mbaya: mgonjwa anapofika hospitalini, mara nyingi muda wa kuiondoa umekwisha kupita. Makadirio ya mwaka 2022 yanaonyesha kwamba duniani kote watu wapatao 511,000 waligunduliwa kuwa nayo, na watu wapatao 467,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Tazameni jinsi hesabu hizo mbili zinavyokaribiana. Hata Marekani, penye vifaa vingi, kati ya wagonjwa 100 ni 13 hivi tu wanaokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa.

Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna jambo la kutia moyo. Kwa wale ambao saratani imekutwa ikiwa bado ndani ya kongosho peke yake, wanaofikisha miaka mitano ni zaidi ya 40 kati ya 100. Kwa wale ambao imekwisha kuenea mwilini, ni 3 tu. Tofauti kati ya 40 na 3 ndiyo inayotufanya tuandike makala hii. Si kila mgonjwa anayewahi atapona, wala hatutaki kumwahidi mtu uongo. Ila anayechelewa hupoteza hata ile nafasi aliyokuwa nayo.

Kongosho ni nini?

Mnaochinja mbuzi au ng'ombe nyumbani mmekwisha kuliona kongosho. Ni kile kipande laini, chenye rangi ya nyama iliyopauka, kilichojibanza kati ya tumbo na utumbo mwembamba. Kwa binadamu lina urefu wa sentimita 15 hivi. Limelala kwa upana nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo. Lina kichwa upande wa kulia, kiwiliwili katikati, na mkia unaoelekea bandama upande wa kushoto.

Kongosho lina kazi mbili. Kwanza, hutengeneza maji maji yanayosaga chakula, hasa mafuta, na kuyamwaga katika mwanzo wa utumbo mwembamba. Pili, hutengeneza insulini, ambayo hurekebisha sukari katika damu. Ndiyo maana kongosho likiharibika mtu anaweza kuharisha mafuta, au kupata kisukari, au vyote viwili.

Kuna jambo la tatu ambalo tunaomba mlishike vizuri. Mrija unaoleta nyongo kutoka kwenye ini hupita katika kichwa cha kongosho kabla ya kufika kwenye utumbo. Ni kama mfereji unaopita kando ya shina la mti: shina likinenepa, mfereji hubanwa na maji hurudi nyuma. Vivyo hivyo uvimbe ukiota katika kichwa cha kongosho, nyongo hukosa njia, hurudi kwenye ini na kuingia katika damu. Hapo ndipo macho yanapogeuka manjano.

Kwa nini ugonjwa huu hujificha?

Titi mwanamke anaweza kulipapasa mwenyewe. Mlango wa kizazi muuguzi anaweza kuutazama kwa macho na kuupaka siki, akaona palipobadilika. Kongosho halifikiwi kwa mkono wala kwa jicho. Limefunikwa na tumbo na utumbo, na uvimbe mdogo ndani yake hauumi. Mtu hula, hulima na huimba kwaya huku uvimbe unakua.

Wengi hutuuliza: je, hakuna kipimo cha damu cha kumpima kila mtu? Mpaka sasa hakipo kipimo cha kuaminika. Kipo kipimo cha damu kinachowasaidia madaktari kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kugunduliwa, lakini kwa mtu mwenye afya hudanganya: huweza kupanda bila saratani kuwapo, na huweza kuwa cha kawaida wakati saratani ipo. Kwa sababu hiyo jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilirudia ushauri wake mwaka 2019, kwamba watu wasio na dalili wala hatari ya pekee wasipimwe saratani ya kongosho kwa jumla. Kwa hiyo mkiona tangazo la mtu anayepima "saratani zote" kwa tone moja la damu sokoni, pitieni mbali.

Pamoja na hayo, ugonjwa wenyewe hauji ghafla kama tunavyodhani. Utafiti wa wataalamu wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba tangu chembe ya kwanza ya kongosho inapoharibika hadi kuwa saratani kamili hupita miaka kumi au zaidi, na hupita miaka mingine mitano hivi kabla saratani haijapata uwezo wa kusambaa. Maana yake ni kwamba nafasi ya kuiwahi ipo, ila bado hatuna jicho la kuiona kwa kila mtu. Mpaka jicho hilo lipatikane, kuiwahi kwetu ni kufanya mambo mawili: kuzitii dalili za kwanza katika wiki ya kwanza, wala si katika mwezi wa nne, na kuwafuatilia kwa karibu wale wenye hatari zaidi kuliko wengine.

Dalili za kuangalia

1. Manjano machoni bila homa na bila maumivu. Hii ndiyo dalili kubwa ya saratani iliyo katika kichwa cha kongosho, na zaidi ya nusu ya saratani za kongosho huanzia hapo. Watu wengi hufikiri kwamba kisichouma hakina haraka. Kwa dalili hii ni kinyume chake. Mtu mzima ambaye macho yamegeuka manjano polepole, hana homa, hana maumivu, huyo ndiye wa kuharakishwa.

2. Mkojo mweusi na choo cheupe. Nyongo ndiyo inayokipa choo kikubwa rangi yake ya kahawia. Ikikosa kufika kwenye utumbo, choo huwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi au kama majivu. Nyongo hiyo hiyo, ikiwa imeingia katika damu, hutoka kwa njia ya mkojo, na mkojo huwa kama chai ya rangi iliyokolea, hata kama mgonjwa anakunywa maji ya kutosha.

3. Kuwashwa mwili mzima bila vipele. Mara nyingi huanzia kwenye viganja na nyayo, na huzidi usiku. Mgonjwa hujikuna hadi kutoka damu, wakati ngozi yenyewe haina ugonjwa.

4. Kupungua uzito. Nguo zinapwaya, mshipi unaongezewa tundu, na chakula alichokipenda sasa kinamchukiza.

5. Maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni. Huzidi mgonjwa akilala chali, na hupungua akikaa na kuinama mbele. Wengi huyaita vidonda vya tumbo au mgongo wa jembe, na huyatibu hivyo kwa miezi.

6. Choo chenye mafuta. Kinaelea, kinanuka kupita kawaida, na hakiondoki kwa maji kidogo.

7. Kisukari kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, hasa kama anakonda na katika ukoo wake hakuna mwenye kisukari. Msiogope kupita kiasi: kati ya watu 100 wanaopata kisukari kipya baada ya umri huo, ni mmoja hivi tu anayekutwa na saratani ya kongosho katika miaka mitatu inayofuata. Lakini kisukari kipya kikifuatana na kukonda na maumivu ya mgongo, mwambieni daktari mambo hayo yote kwa pamoja.

Saratani iliyo katika kiwiliwili au mkia wa kongosho huwa mbali na mrija wa nyongo, kwa hiyo haileti manjano mapema. Huko dalili za 4, 5 na 7 ndizo za kutegemewa. Mara nyingine damu huganda katika mshipa wa mguu, na mguu mmoja huvimba na kuuma bila kuumia mahali.

Jinsi ya kutazama nyumbani

Manjano hayaonekani vizuri kwa taa ya kibatari wala kwa balbu. Mtoeni mgonjwa nje mchana, kivulini. Mwambieni atazame chini, kisha inueni kope la juu kwa kidole gumba. Macho ya wazee wengi yana madoa ya kahawia kwa sababu ya jua, vumbi na moshi wa jikoni, lakini ile sehemu iliyofichwa na kope hubaki nyeupe. Kama nayo ni ya manjano, basi ni manjano kweli. Tazameni pia chini ya ulimi.

Jambo la choo ni gumu zaidi kulizungumza. Mzee hawezi kumweleza mkwewe habari za choo chake, na mama mkwe huona haya kumwambia kijana wake. Tena vyoo vyetu vya shimo vina giza, hakuna anayejua rangi ya alichokitoa. Ndiyo maana dalili hii, ambayo ingetusaidia sana, huwa ya mwisho kutajwa. Tunawaomba watoto wakubwa wa familia watafute mtu anayeweza kuongea na mzee bila kuvunja heshima: mjukuu, ndugu wa rika lake au mhudumu wa afya wa kijiji. Mgonjwa apewe kopo au beseni kuukuu, atazame mwenyewe mahali penye mwanga, kisha aseme neno moja tu: cheupe au cha kawaida.

Si kila manjano ni saratani

Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana hatutaki kila mwenye macho ya manjano alie na kuandika wosia. Manjano yana sababu nyingi. Malaria kali huweza kuyaleta, pamoja na homa na kuishiwa damu. Homa ya ini huyaleta, mara nyingi kwa vijana, ikitanguliwa na uchovu na kichefuchefu. Mwenye seli mundu huwa na macho ya manjano tangu utotoni. Mnywaji wa pombe kali wa miaka mingi huyapata ini linapochoka. Mawe katika mfuko wa nyongo nayo huziba njia ile ile, lakini mara nyingi huja na maumivu makali ya ghafla upande wa kulia chini ya mbavu.

Mwaka 1890 daktari mpasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliandika jambo ambalo mpaka leo linafundishwa: mgonjwa wa manjano ambaye mfuko wake wa nyongo umevimba ukapapasika, lakini hauumi, kwa kawaida hana mawe, yafaa kutafuta sababu nyingine, na saratani ya kongosho ni mojawapo. Kwa hiyo daktari au tabibu anapowapapasa tumbo taratibu chini ya mbavu za kulia, kuna anachokitafuta hapo.

Sababu zote hizo zinatofautishwa kwa vipimo, wala si kwa kukisia. Na jibu si daima jema. Mwaka 2011 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa juu ya wagonjwa waliofika kwao wakiwa wamezibwa njia ya nyongo. Kwa walio wengi sababu ilikuwa saratani, na iliyoongoza miongoni mwa saratani hizo ilikuwa ya kichwa cha kongosho. Hao si watu wa mbali. Ni majirani zetu wa Kanda ya Ziwa.

Miezi minne inavyopotea

Mambo huenda namna hii kwa wagonjwa wengi tunaowapokea. Mwezi wa kwanza mtu anawashwa; anabadilisha sabuni, ananunua vidonge vya mzio dukani. Macho yanaanza kugeuka; anameza dawa ya mseto ya malaria bila kupima. Mwezi wa pili jirani anasema hiyo ni nyongo, dawa yake ni mizizi fulani ya kuchemsha, na mgonjwa anakunywa kikombe asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu amekonda, na minong'ono inaanza kwamba amerogwa au ana ugonjwa mwingine unaofichwa. Anapelekwa kwa mtaalamu wa jadi, anachanjwa chale. Mwezi wa nne ng'ombe au shamba limeuzwa, na ndipo gari linakodiwa kuja hospitali. Mgonjwa anafika hawezi kusimama, tumbo limejaa maji.

Hatumlaumu mtu. Kila hatua kati ya hizo ilichukuliwa kwa upendo na kwa fedha iliyokuwapo. Tunachoomba ni mpango ugeuzwe: kipimo kitangulie, mengine yafuate.

Chale zina hatari ya pekee ambayo wengi hawaijui. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili hushindwa kufyonza vitamini K, na bila vitamini hiyo damu haigandi vizuri. Kwa mgonjwa wa namna hii, chale ndogo au kung'oa jino kunaweza kuleta damu isiyokoma. Hospitali humpa vitamini K kabla ya kumgusa kwa kisu. Dawa za mizizi nazo hupitia kwenye ini, na ini hilo tayari limelemewa na nyongo.

La kufanya, hatua kwa hatua

Kwanza, mtu mzima akigeuka macho manjano, aende zahanati au kituo cha afya katika siku chache, wala isipite wiki. Apimwe malaria. Kipimo kikisema hana, asipewe dawa ya malaria "kwa usalama" na kurudishwa nyumbani. Aulizwe rangi ya mkojo na choo, kisha apelekwe mbele.

Pili, katika hospitali apimwe damu kuonyesha kazi ya ini na kama ana homa ya ini, apimwe sukari, na apigwe picha ya altrasaundi ya tumbo. Altrasaundi haimuumizi mgonjwa, nayo hospitali nyingi za wilaya na za misheni wanayo. Si kila mara inaliona kongosho lenyewe, maana gesi ya tumbo hulificha, lakini huonyesha kama mirija ya nyongo imetanuka. Ikiwa imetanuka, kuna kitu kilichoziba, na mgonjwa huyo anahitaji rufaa hata kama kitu chenyewe hakikuonekana.

Tatu, rufaa iheshimiwe. Katika hospitali kubwa kama Bugando, Muhimbili au KCMC hupigwa picha ya siti-skani, ambayo huonyesha uvimbe, ukubwa wake, na kama umeishika mishipa mikubwa ya damu. Karatasi ya rufaa haina nguvu ikikaa chini ya godoro ikisubiri mavuno. Hapa jumuiya ndogo ndogo zinaweza kusaidia sana: mchango wa nauli unaotolewa wiki ya kwanza ni mdogo kuliko ule wa jeneza, na unafaa zaidi. Mwenye bima ya afya aende na kadi yake, na majibu yote ya vipimo yafungwe pamoja na kubebwa.

Nne, mwenye manjano akipata homa na kutetemeka kwa baridi, aletwe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Nyongo iliyotuama imeingiliwa na wadudu, na inaweza kuua kwa siku moja au mbili.

Ili muone kwamba haraka hii si ya kwetu peke yetu: mwongozo wa madaktari wa Uingereza husema kwamba mtu wa miaka 40 na zaidi mwenye manjano apelekwe haraka kama mshukiwa wa saratani ya kongosho; na mtu wa miaka 60 na zaidi anayekonda, akiwa pia na maumivu ya tumbo au ya mgongo, au kuhara, au kisukari kipya, afikiriwe kupigwa picha katika wiki mbili.

Je, kuna matibabu?

Yapo. Uvimbe ukiwa bado mdogo na haujashika mishipa mikubwa, huondolewa kwa upasuaji. Walther Kausch wa Ujerumani aliufanya mwaka 1909, na Allen Whipple wa New York akautengeneza na kuueneza kuanzia mwaka 1935, ndiyo maana huitwa kwa jina lake. Ni upasuaji mkubwa wa saa nyingi: kichwa cha kongosho hukatwa pamoja na mwanzo wa utumbo, mfuko wa nyongo na sehemu ya mrija wake, halafu vilivyobaki huunganishwa upya. Unahitaji daktari bingwa na wauguzi waliozoea. Zamani wengi walikufa mezani au wodini; leo katika hospitali zenye uzoefu wanaokufa kwa upasuaji wenyewe ni chini ya 5 kati ya 100.

Baada ya kupona kidonda hufuata dawa za saratani zinazotiwa kwenye mshipa. Utafiti wa Ufaransa na Kanada uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya waliopasuliwa na kisha kupewa dawa kali za mchanganyiko, nusu waliishi zaidi ya miaka minne. Kwa ugonjwa huu hiyo ni habari kubwa. Lakini duniani kote ni wagonjwa 15 hadi 20 tu kati ya 100 wanaofika wakiwa bado wanaweza kupasuliwa.

Wengi wanamkumbuka jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama Kuu ya Marekani. Kwa kuwa aliwahi kuugua saratani ya utumbo mpana mwaka 1999, alikuwa akipimwa kila mwaka. Mapema mwaka 2009, akiwa hana dalili yoyote, picha ilionyesha uvimbe wa sentimita moja hivi katika kongosho. Alipasuliwa mwezi wa pili mwaka huo, akarudi kazini, akaendelea kuhukumu kesi kwa zaidi ya miaka kumi na moja, hadi alipofariki mwezi wa tisa mwaka 2020. Mwishowe ni saratani ya kongosho iliyomchukua. Hata hivyo alipata miaka kumi na moja, kwa sababu uvimbe ulionekana ungali mdogo.

Na aliyechelewa je? Asiachwe. Njia ya nyongo inaweza kufunguliwa kwa kuwekewa mrija mdogo au kwa upasuaji mfupi wa kuizungusha, na muwasho ukaisha akalala usingizi. Maumivu hutulizwa kwa mofini ya maji, inayonywewa kwa kipimo cha daktari; kwa mgonjwa wa saratani si ulevi. Asiyesaga mafuta hupewa vimeng'enyo na ushauri wa chakula. Kuishi miezi bila maumivu, katikati ya watoto na wajukuu, nako ni tiba.

Nani wajihadhari zaidi?

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, wanaume kwa wanawake. Sigara huongeza hatari karibu mara mbili, na hatari hiyo hushuka mtu akiacha. Pombe nyingi ya miaka mingi huchoma kongosho na kulifanya kovu, na kongosho lenye kovu hupata saratani kwa urahisi zaidi. Unene uliozidi na kisukari cha muda mrefu navyo vimo. Kwa hiyo kinga tuliyo nayo ni ile ile mnayoijua: kuacha sigara, kupunguza au kuacha pombe, kula mboga na matunda, kutembea, na kuangalia uzito.

Kisha kuna familia. Kama ndugu wawili wa damu, kwa mfano mama na kaka, wamekufa kwa saratani ya kongosho, waliobaki wamweleze daktari. Katika nchi zenye vifaa watu wa familia kama hizo hupigwa picha kila mwaka hata kama hawaumwi, na saratani kadhaa zimekutwa zikiwa changa kwa njia hiyo. Kwetu si rahisi, lakini daktari anayeijua habari ya ukoo hatampuuza mtu wa ukoo huo atakapokuja na maumivu ya mgongo.

Maswali tunayoulizwa

Je, inaambukiza? Hapana. Mlisheni mgonjwa, mwogesheni, laleni naye chumba kimoja. Homa ya ini ndiyo huweza kuambukiza, na hiyo ni sababu nyingine ya kupima ili kujua.

Je, ni kweli kisu huiamsha saratani? Hapana. Wanaosema hivyo wameona watu waliopasuliwa wakati ugonjwa umekwisha kuenea, wakafa muda mfupi baadaye. Walikufa kwa sababu walichelewa, wala si kwa sababu ya kisu.

Je, mgonjwa wa manjano asile mayai wala nyama? Mfichaji wa chakula humdhoofisha mgonjwa wake. Mwenye njia ya nyongo iliyoziba huchukizwa na mafuta mengi, basi mpikieni bila mafuta mengi, lakini samaki, maharage, mayai na uji wa lishe ale kadiri anavyoweza. Anayekwenda kupasuliwa anahitaji nguvu.

Wasomaji wapendwa, katika jumuiya yenu mwezi huu someni tena orodha ya dalili saba zilizo juu, na wazee wasikie. Kisha watoto wakumbuke maneno machache: macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheupe, hakuna homa, twende hospitali wiki hii. Tutakuwa tunawasubiri.